Sura ya Saba: Upepo Unaosingiziwa

Gereji zinazofunga injini za Toyota kwenye Land Rover za zamani zina siku moja ngumu kuliko zote, nayo ni siku ya kwanza ya kutia gia. Injini imeshawaka, moshi si mbaya, mwenye gari amepiga picha. Dereva anakanyaga klachi, anavuta gia ya nyuma, na giaboksi inapiga ukelele unaowakunja uso wote waliosimama pale. "Ni upepo tu huo, bosi," fundi anasema. Kijana mmoja anaingia uvunguni na mpira mwembamba na chupa ya maji iliyokatwa, mwingine anakaa kwenye usukani. Kanyaga. Shikilia. Achia. Kanyaga tena. Mafuta ya breki yanakwisha, duka linafungwa, na gia bado inakwaruza.

Upepo unasingiziwa. Upo, na tutafika kwake, lakini kwenye gari lililobadilishwa injini klachi inayogoma kuachia mara nyingi huwa haina kiputo hata kimoja ndani yake. Kinachokosekana ni hesabu ya milimita, na hesabu hiyo hufanywa mezani kabla giaboksi haijarudi mahali pake. Ikishafungwa, kila kosa linataka siku nzima ya kushusha na kupandisha.

Tuchukue Land Rover 109 ya Series III, gari lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985, ambalo bado linabeba mkaa, maziwa na watalii. Tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 mjini Arusha liliwakumbusha hata wasiolipenda kwamba bado limejaa barabarani. Injini yake ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 imechoka, na mwenye gari anataka dizeli ambayo vipuri vyake vinapatikana hadi kwenye senta ndogo. Anachagua 3L ya Toyota, ya sentimita za ujazo 2,779, ileile iliyokuwa kwenye Hilux na Hiace.

Giaboksi ya Land Rover haiondoki kirahisi. Boksi la kugawa nguvu, lenye gia nzito na linaloendesha ekseli ya mbele, limeshikamana nayo nyuma kama kitu kimoja. Ukiiondoa unajitafutia kazi ya propela, ya fremu na ya levu za gia. Kwa hiyo wengi huiacha, wakachonga bamba nene la kuunganisha mgongo wa injini ya Toyota na mdomo wa giaboksi ya Land Rover. Katikati ya hapo ndipo inapokaa klachi. Flaiwili na presha pleti ni za Toyota. Klachi pleti ni mchanganyiko: pete ya nje ya ukubwa wa Toyota, kitovu cha kati chenye meno 10 ya shafti ya Land Rover. Uma na rilizi beringi ni vya Land Rover. Masta ya juu, ile inayosukumwa na pedeli, inaweza kuwa ya Land Rover au ya Hilux, kutegemea nani alikwenda dukani. Silinda ya chini, inayosukuma uma, ndiyo hiyo iliyopatikana.

Kila kipande hapo kilifanya kazi vizuri kwenye gari lake. Wahandisi wa kila upande walipanga vipimo vyao vikubaliane. Ukichanganya, makubaliano hayo yamekufa, na wewe ndiye mhandisi sasa.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Mfaransa Blaise Pascal aliiandika katika kitabu kilichochapishwa 1663, mwaka mmoja baada ya kifo chake: shinikizo unalotia kwenye kimiminika kilichofungiwa linafika kila upande sawasawa. Pistoni ndogo ikisukuma pistoni kubwa, kubwa inapata nguvu zaidi lakini inatembea kidogo. Mafundi wengi wanaikumbuka nusu ya kwanza tu. Wakiona pedeli ni nzito, wanatafuta silinda ya chini iliyo nene zaidi, na kweli pedeli inakuwa laini. Siku hiyohiyo gia zinaanza kukwaruza, maana mwendo uliotolewa kwenye mguu umepungua kwenye uma. Huwezi kupata vyote viwili.

Hesabu inaanzia mwisho, kwenye beringi, na kurudi nyuma mpaka kwenye pedeli. Funga flaiwili, klachi pleti na presha pleti mezani kama zitakavyokuwa kwenye injini. Weka kwenye presi ya kutolea beringi, shusha polepole juu ya vidole vya presha pleti huku mwenzako akijaribu kuizungusha klachi pleti kwa shafti kuukuu au kipande cha mti kilichochongwa. Pale inapozunguka bila kugusa popote, pima vidole vimeshuka milimita ngapi tangu vilipoguswa. Tuseme umepata 8. Endelea kidogo tu kuona nafasi iliyobaki kabla vidole havijagusa springi za kitovu. Tuseme 10 ndiyo mwisho salama. Sasa unajua kitu ambacho gereji nyingi hazikijui: beringi lazima itembee zaidi ya milimita 8 na isizidi 10.

Wakati bado ipo mezani, angalia pia kitovu cha klachi pleti hakigusi vichwa vya bolti za flaiwili. Kwa pleti ya mchanganyiko hilo hutokea, na gari lenye kosa hilo halitatia gia hata ukilijaza mafuta ya breki kutoka hapa mpaka Krismasi.

Kisha uma. Pima kutoka kwenye nukta inayoegemea mpaka inapogusa beringi, na kutoka nukta hiyo mpaka inaposukumwa na fimbo ya silinda. Kama urefu wa pili ni mara mbili ya wa kwanza, fimbo itatembea mara mbili ya beringi. Kwa mfano wetu fimbo inahitaji kati ya milimita 16 na 20. Lenga 18 au 19, ili kuwe na akiba kidogo kila upande.

Panda juu. Pedeli inayotembea milimita 150 chini ya mguu, yenye uwiano wa 5 kwa 1, inasukuma pistoni ya masta milimita 30. Toa milimita 2: moja ya uhuru wa fimbo, nyingine ya pistoni kuvuka tundu dogo linalorudisha mafuta kwenye kopo. Kabla tundu hilo halijazibwa hakuna kinachosukumwa. Zimebaki 28.

Ukubwa wa silinda hizi kwa kawaida umechorwa kwenye chuma chake kwa sehemu za inchi. Futa matope utauona: 5/8, 11/16, 3/4, 13/16, 7/8. Masta ya 5/8 ina uso wa milimita za mraba 198. Zidisha kwa 28, unapata milimita za ujazo 5,544, yaani kijiko kimoja cha chai na tone. Hicho ndicho kiasi chote cha mafuta kinachofanya kazi ya klachi, na ndiyo maana hakuna nafasi ya kubahatisha.

Peleka ujazo huo kwenye silinda ya chini ya 7/8, yenye uso wa 388. Fimbo inatembea milimita 14.3, beringi 7.1. Haitoshi. Gari hilo litakwaruza gia ya nyuma, na kulingana na bahati litakubali gia za mbele, kwa sababu giaboksi ya Series III ina singo, vile vifaa vinavyolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, kwenye gia zote za kwenda mbele lakini haina ya kurudi nyuma. Dereva atasema "klachi iko sawa ila rivasi ndiyo inasumbua". Klachi haiko sawa. Singo zinabeba kosa lake mpaka zitakapochakaa.

Weka silinda ya 13/16 badala yake: fimbo milimita 16.6, beringi 8.3. Itafanya kazi asubuhi, na itaanza kusumbua foleni ya saa nane mchana mpira ukilegea kwa joto. Weka ya 3/4: fimbo 19.4, beringi 9.7. Hapo tumefika, ingawa tunakaribia ukingo. Njia nyingine ni kuacha silinda ya 7/8 na kubadilisha masta kuwa ya 11/16: beringi inapata 8.6. Masta ya 3/4 juu ya silinda ya 7/8 inatoa 10.3, inavuka mpaka, ila pedeli ikiwekewa bolti ya kuizuia mapema inaweza kukubalika.

Mimi ningechukua 11/16 juu na 7/8 chini. Fimbo yake haifiki 18 tulizolenga, na inaacha akiba ndogo kuliko 5/8 na 3/4, lakini haikaribii kuumiza vidole, na pedeli yake ni nyepesi kidogo. Tofauti ya uzito huo nayo inahesabika. Tuseme beringi inahitaji nguvu ya nyutoni 1,600, sawa na kubeba kilo 160. Uma unagawa kwa mbili, fimbo inasukuma 800. Kwa silinda ya 7/8 na masta ya 11/16, mguu unalipa karibu nyutoni 100, yaani kilo 10. Kwa 3/4 chini na 5/8 juu, ni kama kilo 11. Kwa 3/4 juu na 13/16 chini, inakaribia kilo 14, na dereva wa mjini ataanza kulalamika goti.

Wapo wanaoona hesabu hii ni ya shule. Mimi naiona ni dakika kumi za kalamu zinazookoa siku mbili za kulala chini ya gari.

Ukishachagua masta, hakikisha ni masta ya klachi. Hili nalisisitiza kwa sababu madukani masta ya breki ya tundu moja inafanana kabisa na ya klachi, tena mara nyingine ni rahisi zaidi. Masta za breki za ngoma, hasa za magari ya zamani, huwa na kivalvu kidogo mdomoni kinachobakiza shinikizo kwenye paipu, karibu baa 0.7, ili sili za silinda za magurudumu zisilegee. Kwenye breki ni jambo jema. Kwenye klachi, shinikizo hilo linaiegemeza beringi kwenye vidole saa zote. Pedeli itakuwa tamu, gia zitaingia kama siagi, na baada ya muda klachi itaanza kuteleza mlimani na rilizi kulia. Kivalvu hicho hutolewa kabla ya kufunga, au masta inarudishwa dukani.

Kisha tazama masta imefungwa wapi. Land Rover ilitengeneza boksi lake la pedeli, la chuma kilichokunjwa, lililobana masta na mhimili wa pedeli pamoja, kwa hiyo vikisukumana vinasukumana ndani ya boksi. Wanaoleta masta ya Hilux huifunga kwenye bati la ukuta wa mbele. Mwombe mtu akanyage pedeli huku umeweka kidole kati ya masta na bati. Ukihisi bati linapumua, kila milimita linayopumua imetoka kwenye zile 28 zako. Bati la gari la miaka 45 lenye kutu pembeni linaweza kula milimita 3 bila aibu. Bamba la kuimarisha upande wa ndani linamaliza tatizo, na ni la bei ya soda chache.

Paipu ni mahali ambapo Uingereza na Japani zinakutana vibaya. Land Rover ya zama hizo ina nati za inchi, Toyota ina nati za milimita 10 zenye uzi wa milimita 1. Nati ya inchi 3/8 yenye nyuzi 24 kwa inchi ina kipenyo cha milimita 9.5, na nafasi kati ya nyuzi zake iko karibu sana na ya Kijapani. Itaingia kwenye tundu la Toyota kwa vidole, mizunguko kadhaa, na itaonekana imekaa. Ukiibana inakamata kwa shida, na siku dereva atakapokanyaga kwa hasira uzi unachomoka. Njia salama ni mpira mmoja wenye mdomo wa inchi upande huu na wa milimita upande ule; wapo mafundi wa mipira ya haidroliki wanaoutengeneza ukisubiri. Usitumie paipu ya shaba ya friji. Shinikizo la klachi, karibu baa 20, itaihimili, lakini mtikisiko wa dizeli huifanya shaba laini iwe ngumu na kupasuka shingoni. Paipu ipande muda wote kuelekea kwenye masta, isipinde juu kama mgongo wa ngamia, na ikae mbali na bomba la moshi.

Hapo sasa ndipo upepo wenyewe unapoingia.

Silinda ya chini ikihamishiwa upande mwingine wa giaboksi, au ikigeuzwa ili iwahi uma, nipo ya kutolea upepo inaweza kuishia chini badala ya juu. Hewa inapanda, kwa hiyo inakaa kileleni mwa silinda huku wewe ukitoa mafuta safi yasiyo na kiputo kwenye nipo ya chini. Kijana aliye uvunguni ataapa kwamba hakuna upepo, na kwa anachokiona yuko sahihi. Fungua bolti mbili za silinda, ishushe bila kuikata paipu, igeuze nipo itazame mbinguni, sukuma fimbo ndani mpaka mwisho, kisha toa upepo ukiwa umeishika hivyo. Ukishindwa, chukua bomba la sindano la mifugo lisilotumika, lijaze mafuta mapya ya breki, liunge kwenye nipo kwa mpira na usukume taratibu kuelekea juu mpaka viputo viishe kwenye kopo la masta. Angalia tu kopo lisifurike. Mafuta haya yanavua rangi ya gari.

Mafuta yawe DOT 3 au DOT 4. Sili za klachi hizi zimetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya aina hiyo, na mafuta ya injini au ya usukani huzivimbisha mpaka pistoni isirudi. DOT 3 mpya inachemka kwa nyuzi 205 au zaidi. Ikishanyonya unyevu wa hewa inaweza kushuka mpaka 140. Chupa iliyofunguliwa miezi mingi nyuma ya duka Tanga, penye unyevu, tayari imekunywa maji yake.

Kabla ya kufunga kila kitu, jambo moja linasahaulika hata na mafundi wazuri: pistoni ya silinda ya chini inatulia wapi pedeli ikiwa juu. Klachi pleti inapolika, vidole vya presha pleti vinarudi nyuma kuelekea giaboksi, navyo vinaisukuma pistoni ndani ya silinda. Kama kwa pleti mpya pistoni tayari imekaa mwisho wa silinda, haina pa kurudi. Pleti ikilika kidogo tu, beringi itabaki imeibana presha, na klachi itateleza ingali nzima. Rekebisha urefu wa fimbo ili pistoni itulie karibu na katikati ya mwendo wake, ukibakiza mbele milimita zote za kazi ulizohesabu.

Jaribio la kweli linahitaji jeki. Zima injini, weka vizuizi kwenye magurudumu, inua gurudumu moja la nyuma, tia gia ya nne. Msaidizi akanyage polepole, wewe ujaribu kuzungusha gurudumu kwa mkono huku umeshika rula kwenye fimbo ya silinda. Kuna nukta linaachia ghafla. Weka alama ya chaki kwenye fimbo hapo, nyingine pedeli ikifika chini. Umbali kati ya alama hizo mbili ndiyo akiba yako. Milimita 2 za fimbo ni maisha. Chini ya 1 utarudi kwenye hesabu.

Gurudumu likikataa kuachia wakati fimbo imetembea milimita zote ulizohesabu, usiguse haidroliki tena. Shuku beringi ndogo ya ncha ya kranki, ile inayobeba pua ya shafti ya giaboksi. Kwenye gari la mchanganyiko huchongwa bushi maalumu, na likiwa limebana kidogo linageuza shafti hata klachi ikiwa wazi kabisa. Au bamba la kuunganisha halikukaa katikati: hapo robo ya milimita ni nyingi, na kilichosalia ni kushusha giaboksi na kuweka geji ya saa kwenye flaiwili.

Gari likishaachia vizuri, liendeshe likapate moto, lipande mlima kwa gia ya tatu na mguu mzito. Mshale wa mizunguko ukiruka bila mwendo kuongezeka, uhuru wa fimbo umekwisha. Rudi gereji injini ikiwa bado ya moto, kanyaga klachi, hesabu mpaka tano, uvute gia ya nyuma. Acha usiku upite, uvute tena kabla hujapampu pedeli. Ikiwa asubuhi inakwaruza na jana jioni haikukwaruza, basi fundi alikuwa sahihi mara hii: upo upepo, na unaingilia sili ya masta.